Uliza Ujibiwe: Kwa nini kloridi inafoka na amaidi inatulia?

Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa pili wa famasia. Kitabu chetu kinasema kloridi za asidi, anhidridi, esta na amaidi zote zina kundi la asaili, kisha kinatupa jedwali la mimenyuko la kurasa tatu. Nimelikariri, limenitoka. Kama kundi ni lilelile, mbona kloridi ya asetili inafoka ikiguswa na maji, na amaidi unaichemsha na haishtuki? – Msomaji, famasia

Marahaba. Jedwali hilo lifunike kwanza.

Chukua asidi yoyote ya kaboksili, ing'oe OH yake. Kinachobaki ndiyo asaili: kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili, upande mmoja ina mkia wake, upande wa pili ina nafasi wazi. Ukianza na asidi ya asetiki unapata asetili, CH₃CO. Ukianza na asidi ya benzoiki unapata benzoili, kundi ambalo wanakemia Liebig na Wöhler walilifuatilia mwaka 1832 wakaona linahama zimazima kutoka kampaundi moja hadi nyingine bila kuvunjika. Swali lako lote limo katika ile nafasi wazi. Imejazwa na nani?

Oksijeni inapenda kuvuta. Inazivuta elektroni hadi kaboni ya asaili inabaki na upungufu, na chochote chenye jozi ya elektroni za ziada, kama maji, alkoholi au amini, kinakuja kuujaza. Kwa muda mfupi sana kaboni inashikwa na wanne: oksijeni, mkia, mgeni, na yule aliyekuwepo. Halafu oksijeni inarudisha bondi yake ya pili, na mmoja hana budi kutoka. Anatoka yule anayeweza kwenda na elektroni zake bila kuhangaika.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawakaririsha namba nne, basi. Ni pKa, yaani kipimo cha ukali wa asidi (namba ndogo, asidi kali), ya asidi inayopatikana kila aliyetoka anapookota protoni. Klorini akitoka huwa asidi ya hidrokloriki, karibu −7. Anhidridi ya asetiki humtoa asetati, na asidi ya asetiki ni 4.76. Esta ya ethili hutoa ethanoli, takriban 16. Amaidi sahili ingetakiwa itoe kitu ambacho kikipata protoni ni amonia, takriban 38. Namba ikiwa ndogo, mtokaji anaondoka kwa hiari. Zipange hizo namba na mpangilio wa ukali wa kitabu chako utajiandika wenyewe: kloridi, anhidridi, esta, amaidi.

Ukitaka kuliona kwa macho, tazama chupa ya kloridi ya asetili ikifunguliwa siku yenye unyevunyevu, ndani ya kabati lenye feni ya kunyonya mvuke na si penginepo. Hujamimina hata tone, tayari mdomoni mwa chupa unapanda moshi mweupe: mvuke wa kloridi umekutana na maji yaliyomo hewani, na asidi ya hidrokloriki inazaliwa palepale. Tone lenyewe likianguka kwenye maji linalia kama chuma cha moto.

Amaidi ina sababu ya pili ya utulivu, na hii ndiyo wanafunzi huipita mbio. Naitrojeni ina jozi huru ya elektroni, na haikai nayo kibahili. Inamkopesha kaboni muda wote, kwa hiyo ule upungufu unapungua na bondi kati ya kaboni na naitrojeni inakuwa nusu ya bondi mbili, ngumu kuzungushwa. Klorini naye ana jozi huru, tena tatu, ila obiti zake ni kubwa na hazioani vizuri na za kaboni, hivyo msaada wake ni hafifu. Mashine ya infraredi inaonyesha tofauti hiyo waziwazi: bondi ya kaboni na oksijeni hutikisika karibu na 1800 cm⁻¹ katika kloridi, 1740 hivi katika esta, na kati ya 1650 na 1690 katika amaidi. Bondi inalegea kadiri jirani anavyotoa elektroni.

Protini zote zimeunganishwa kwa amaidi. Maabara zinazotaka kuzivunja hadi asidi amino huzipika katika asidi ya hidrokloriki ya molari 6, nyuzi 110 za selsiasi, kwa saa 24. Ingekuwa esta tupu, miili yetu isingedumu.

Kidogo kuhusu ketoni, maana najua utauliza. Nayo ina asaili, ila nafasi ile imejazwa na kaboni, ambaye akitoka pKa yake inafika 50. Hatoki. Mgeni akiingia anabaki, na ndiyo maana ketoni zimewekwa sura nyingine ya kitabu.

Na ukitaka kupanda ngazi badala ya kushuka, yaani kutoka asidi hadi kloridi, lazima ulipie. Kloridi ya thaionili ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu mabaki yake, dioksidi ya salfa na kloridi ya hidrojeni, ni gesi. Yanatoka yenyewe na hayarudi kukuharibia kazi.

Nimekuta kopo la zamani la aspirini. Nilipolifungua likanipiga harufu ya siki, na kwenye ukuta wa kopo kuna vijisindano vyeupe. Parasetamoli ya umri uleule hainuki. Je, aspirini hiyo bado ni dawa? – Mama wa watoto watatu

Usiimeze, mama, wala usimpe mtu. Irudishe kwa mfamasia aiteketeze.

Aspirini ni asidi ya salisiliki iliyovishwa asetili kwenye oksijeni yake. Hiyo ni esta, tena esta ya fenoli, na pKa ya fenoli ni 10 tu, kwa hiyo inaachia upesi kuliko esta za kawaida. Unyevu ukiingia koponi kila kopo linapofunguliwa, maji yanaichukua asetili na kuifanya asidi ya asetiki. Hiyo ndiyo harufu. Inayobaki ni asidi ya salisiliki, ambayo inachokoza tumbo. Parasetamoli nayo imevaa asetili hiyohiyo, ila kwenye naitrojeni. Ni amaidi. Msomaji wa famasia hapo juu atakueleza kwa nini hainuki.

Mwenye maabara anaweza kuhakikisha kwa dakika moja: punje chache za dawa ndani ya ethanoli kidogo, tone la kloridi ya feri. Aspirini safi haiigeuzi rangi. Iliyoharibika inageuka zambarau papo hapo, kwa kuwa fenoli imevuliwa nguo yake. Kipimo hiki nakipenda kuliko mashine nyingi za bei mbaya.

Asetili hiyo inayohama kirahisi ndiyo pia siri ya dawa yenyewe. Charles Gerhardt aliitengeneza aspirini mwaka 1853 kwa kloridi ya asetili, Felix Hoffmann akaitengeneza ikiwa safi mwaka 1897, na watu wakaimeza miaka mingi kabla haijajulikana inafanya nini mwilini. Sasa tunajua: inaikabidhi asetili yake kwa kimeng'enya kinachotengeneza viasili vya prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe, kwenye asidi amino ya 530, serini, na kuuziba mlango wa kazi. Chembe sahani za damu hazina kiini, kwa hiyo haziwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya. Zitabaki hivyo mpaka zife, siku 7 hadi 10. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anakuuliza kama umemeza aspirini wiki hii, hata kama ilikuwa kidonge kimoja.

Nataka kuweka propili iliyonyooka kwenye benzeni. Nimetumia 1-kloropropani na kloridi ya alumini, nimepata zaidi ile yenye tawi. Nifanyeje? – Fundi wa maabara

Pitia kwenye asaili. Wanakemia Friedel na Crafts walituachia njia zote mbili mwaka 1877, yako ya kuweka mkia mtupu na hii ya kuweka asaili, na ya asaili ndiyo yenye adabu. Mkia wako wa propili, ukivutwa na alumini, unajipanga upya kabla ya kufika; kloridi ya propanoili inatoa ioni ambayo oksijeni inaituliza, kwa hiyo haijipangi. Tena ikishaingia kwenye benzeni inaipooza pete, na mmenyuko unasimama kwenye kundi moja.

Ketoni utakayopata iondolee oksijeni kwa zinki iliyopakwa zebaki ndani ya asidi ya hidrokloriki, au kwa hidrazini na alkali ikiwa molekuli yako haivumilii asidi.

Angalizo moja: kloridi ya alumini weka zaidi ya moli moja kwa kila moli ya kloridi yako. Ketoni inayozaliwa inaing'ang'ania, na ukiweka kidogo tu kama kichocheo, kazi itakwama njiani. Ukimaliza, mimina yote kwenye barafu iliyopondwa, polepole.