Anayepotea CTC hakuamua kuacha dawa

Mtu anayetumia dawa za VVU akipotea CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, wengi husema "kaacha dawa". Mara nyingi hakuamua chochote. Alikosa tarehe moja tu: msiba, nauli, bosi aliyemnyima ruhusa. Wiki ya pili anaogopa kugombezwa. Mwezi wa pili aibu imeshakua, na kwa kuwa haumwi popote, haoni haraka.

Huko kutoumwa ndiko kunakoponza. Majibu ya wingi wa virusi yakisema "havionekani", mtu husikia "nimepona", hasa kama ameshaombewa. Havionekani kwa sababu dawa imevibana. Ukiacha, kwa wengi vinarudi ndani ya wiki 2 hadi 4, kimya kimya.

Halafu kuna chupa. Vidonge vinalia kama kayamba kwenye daladala, basi watu huvimimina kwenye mfuko wa nailoni na kutupa chupa palepale kliniki. Ndani ya chupa kuna kipakiti cha kunyonya unyevu. Nje ya chupa dawa inaweza kuharibika. Bandua lebo, shindilia pamba kavu juu ya vidonge, funga. Hailii tena.

Wavuvi wa kambi za ziwani, wachimbaji wadogo na wanaofuata mavuno hupotea kwa sababu ya safari. Kama hali yako ni imara, sema mapema upewe dawa za miezi 3 au 6. Ukihama kabisa, chukua barua ya uhamisho. Safari ikiwa ya ghafla, beba kadi yako ya CTC, uombe dawa kwenye kliniki iliyo karibu na ulipo. Usijiandikishe upya kana kwamba hujawahi kutumia dawa: daktari mpya hatajua umeshatumia zipi, na kule ulikotoka wanaendelea kukutafuta. Wakupate wapi, kama uliandikisha namba ya simu isiyo yako? Kama hutaki wapige nyumbani, waambie hivyo, kisha mkubaliane saa na namba ya kupiga.

Unarudi? Usimeze viwili kufidia siku zilizopita. Taja wazi ulikosa dawa tangu lini. Ukisema unameza kila siku huku virusi viko juu, daktari anaweza kuamini dawa imeshindwa na kukubadilishia bila sababu. Omba CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, ipimwe. Ikiwa chini ya 200 unatakiwa kuchunguzwa kifua kikuu na fangasi wa ubongo kabla hali haijawa mbaya.

Nanyi wahudumu, neno "mtoro" kwenye faili ni la shuleni. Anayerudi baada ya miezi minne akapokelewa kwa "ulikuwa wapi?" mbele ya foleni, tarehe ijayo hatumwoni. Muulizeni faragha kilichomkwamisha. Kama ni nauli, mpangieni tarehe chache kwa mwaka badala ya kumpa semina.