Vigae vya Kiajemi shambani, Waajemi walikaa hapo?

Ndugu, umeuliza kama vigae, yaani vipande vya vyombo, vya samawati ulivyochimbua shambani Bagamoyo vinathibitisha kwamba Waajemi waliishi hapo. Taratibu kwanza. Chombo husafiri bila mwenyewe. Mimi nanywea kikombe cha China na huko sijafika. Rudia vile vyeusi ulivyovitupa pembeni. Vina pembetatu zilizochorwa shingoni? Hivyo vilifinyangwa huku huku, kuanzia karne ya 7 hivi, na kule Shanga, mji wa kale wa Waswahili kisiwani Pate, Kenya, vyungu vya kienyeji ndivyo vilivyojaa, vya kigeni vichache. Ukikuta kaburi limeelekea kibla, hiyo ni dini, si kabila. Ila kaburi usiliguse! Acha kuchimba, piga picha vilivyobaki ardhini, kisha itaarifu Idara ya Mambo ya Kale.