Risasi yenye ncha kwenye raifo ya zamani

SWALI: Shikamoo mhariri, niko Sikonge, Tabora, nina raifo ya zamani ya risasi saizi ya .30-30, inapakia risasi moja moja, kibali ninacho, sasa jamaa wanasema risasi za ncha kali zitanilipukia, kweli au stori za kijiweni?

JIBU: Marahaba. Wamechanganya. Hatari iko kwenye bunduki kama Winchester modeli 1894, magazini yake ni bomba chini ya mtutu, risasi zinalala foleni, ncha ya huyu inagusa fataki (kile kiwashio cha kitakoni) ya mwenzake wa mbele, mtikisiko tu unatosha kulipua. Yako haina foleni bwana! Ila kichwa kirefu cha risasi kikikaa nje sana ya ganda kinagusa mifereji ya ndani ya mtutu na presha inapanda, hapo ndo wanaojaza upya maganda yaliyotumika wanapoharibu, na kujaza maganda nyumbani bila leseni usithubutu, sheria ya silaha ya 2015 ipo. Fundi mwenye leseni akague kwanza kifungio cha nyuma ya mtutu.