Nisasishe programu zote, au niache?

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani inatumia Windows 11. Kila nikiiwasha, programu tatu au nne zinadai kusasishwa. Juzi nilibofya kitufe kikubwa cha kupakua kwenye tovuti fulani, nikajikuta na programu mbili nisizoziomba. Niache kusasisha?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Usiache: masasisho mengi huziba mianya ambayo wadukuzi wameshaijua. Kosa lilikuwa mlango ulioupitia, kwani vitufe vikubwa vya namna ile mara nyingi ni matangazo.

Mimi siku hizi sizunguki kwenye tovuti. Nafungua Terminal, dirisha la Windows la kuandikia amri, naandika winget upgrade (winget ni kifaa cha Windows cha kusakinisha na kusasisha programu), na orodha inatokea: toleo nililonalo na toleo jipya, kwa kila programu. Nikiridhika, naandika winget upgrade --all. Hifadhi kazi zako kwanza, maana baadhi ya programu hujifunga zikisasishwa. Niliwahi kupoteza ukurasa mzima hivyo. Zisizoonekana humo, zisasishe kupitia menyu zake zenyewe.

Zile mbili ziondoe leo hii kwenye mipangilio, sehemu ya programu, kisha fanya ukaguzi kamili kwa Windows Security, programu ya ulinzi iliyomo ndani ya Windows.