Kuhusu hiyo tisheti

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia jioni baada ya kufunga duka, maana mchana matrela ya barabara ya Mombasa hayaniachi nisikie mtu. Nimekuelewa hivi: yule kijana aliyeianzisha kampuni mnayofanyia kazi amefariki, Jumamosi kuna ibada, mmegawiwa tisheti zenye picha yake, na kila mmoja ameombwa aandike mtandaoni maneno ya kumuaga. Wewe ulikutana naye kwenye lifti tu. Unauliza kama si unafiki kumlilia tajiri ambaye hamkujuana. Halafu ukamalizia kwa ile sauti yako ya wakili: "Lakini wewe Mama ulimlilia Bob."

Nililia, ndiyo. Kaka yako alinikuta mbele ya televisheni leso ikiwa usoni, akaja kukusimulia, na tangu hapo mmenifanya kichekesho chenu cha Krismasi.

Ilikuwa Julai 2019, Jumatatu tarehe mosi. Ndiyo kwanza nafungua duka langu la M-Pesa, hizi pesa za simu, na mteja wa kwanza alikuwa yule kijana wa bodaboda anayetoa pesa kila Jumatatu ampelekee mwenye pikipiki. Ananipa kitambulisho, naandika namba kwenye daftari, ananiambia, "Mama, Bob ameenda." Hakusema Collymore, hakusema mkurugenzi wa kampuni ya simu ya Safaricom. Na mimi sikuuliza Bob yupi. Nchi yetu unaijua: karani wa chifu usipomwita mheshimiwa muhuri hauonekani, lakini mtu aliyeongoza kampuni yenye faida kubwa kuliko zote Afrika Mashariki anatajwa na kijana wa boda kana kwamba walichunga mbuzi pamoja. Tena mtu mwenyewe mzaliwa wa Guyana, aliyekuja huku kuchukua kazi mwishoni mwa 2010, nywele tayari zimeanza mvi.

Foleni ikaanza kumsifu, na kama kawaida ya foleni, nusu ya sifa zilikuwa za mtu mwingine. Mzee mmoja akasema ndiye aliyeleta M-Pesa. Nikamwambia hapana, mzee wangu, M-Pesa ilianza Machi 2007, wakati wa Michael Joseph, mkurugenzi aliyemtangulia, yule aliyesema Wakenya tuna tabia za ajabu za kupiga simu. Bob aliikuta inatembea. Alichofanya ni kuikimbiza: hadi mama mboga akawa na namba yake ya Lipa na M-Pesa imebandikwa kwenye sanduku la nyanya. Mzee akaniangalia kama mtu aliyekatizwa sala. Nikanyamaza, nikampa pesa zake.

Basi wiki ile ikawa ya Bob. Ugonjwa wake wote tulikuwa tunaujua, maana aliusema mwenyewe kwenye televisheni: saratani ya damu, iliyomfanya aende London mwaka 2017 akatibiwe, akarudi 2018. Hilo lilinigusa zaidi ya M-Pesa. Kwetu mtu anaoza na saratani na familia inasema anaumwa mgongo kidogo. Alifia nyumbani kwake Nairobi Jumatatu ile, Jumanne wakamchoma pale Kariokor, Alhamisi ikawa ibada katika kanisa la All Saints. Watu wa bara wakashika vichwa. Wao kumzika mtu ni wiki mbili za vikao vya kamati. Jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye kwao maiti hailali, akaniambia haraka si kitu, haraka ndiyo adabu, lakini moto! Moto ulimshinda kabisa. Nikamkumbusha kwamba Wangari Maathai naye alichomwa, 2011. Akasema, "Huyo alikuwa anahurumia miti." Sikuelewa, maana moto unataka kuni, lakini sikubishana.

Na mwezi wenyewe ulikuwa mbaya. Kabla haujaisha akafa Ken Okoth, mbunge wa Kibra, siku chache baadaye Joyce Laboso, gavana wa Bomet, wote saratani. Okoth naye akachomwa, na kwake yeye yakazuka maneno mengi. Kwa Bob hapakuwa na maneno. Mjane wake, Wambui, alisimama akazungumza bila kutetereka. Vijana wa Ghetto Classics wa Korogocho wakapiga ala zao, wale ambao tangu 2014 tamasha la jazz la Safaricom lilikuwa likiwachangia. Akina mama wa Muungano wa kanisani tuliitazama ibada hiyo kwangu, tukiimba tenzi pamoja na televisheni. Pale ndipo nilipolia.

Lakini wewe unauliza unafiki. Kwa unafiki, acha Bob, nikurudishe kwenye matanga ya baba yako.

Wewe unakumbuka mvua na wali. Hukumbuki pesa. Ilikuwa 2004, M-Pesa haijazaliwa, mochari inahesabu kila usiku, na michango iko mikononi mwa watu waliotawanyika Mombasa, Taveta na Nairobi. Baba yako mdogo alitoa wake kwa bahasha, akampa dereva wa basi. Bahasha ilifika Voi salama, imefungwa vizuri kabisa, imepungua. Shangazi yako alipanda kutoka Mombasa na pesa za chama ndani ya soksi, akavua kiatu mbele ya kasisi. Sasa hivi mtu akifa Mgange saa mbili asubuhi, saa nne kamati ina namba ya kuchangia, na anayedai ametuma hajatuma anajulikana mbele ya watu wote.

Siku ya mazishi akaja mkubwa wa kazini kwake. Kampuni siitaji, unaijua. Baba yako alishika ghala lao tangu kaka yako hajazaliwa. Gari la mkubwa likashindwa na kilima cha kanisa, vijana wakalisukuma na suti zao za msiba, matope mpaka magotini. Akawekewa kiti cha mbele chenye kitambaa. Ukafika wakati wa salamu, akasimama, akavaa miwani, akasema anasoma wasifu kwa niaba ya usimamizi. Akaanza kumsifu marehemu. Kwa jina la mtu mwingine.

Tena si jina la mtu wa mbali. Lilikuwa jina la yule karani mwenzake, aliyekaa mstari wa pili na soda mkononi. Mara ya kwanza watu walidhani wamesikia vibaya. Mara ya pili kanisa zima likageuka kumtazama karani. Maskini alishusha soda, akainamisha kichwa, na jina liliposomwa mara ya tatu akainua mkono, polepole, kama mtoto wa shule anayeitikia rejista. Shangazi yako akapasuka kicheko. Nami nikafuata. Nilijifunika leso usoni nikacheka mpaka benchi likatikisika, na mume wangu yuko kwenye jeneza pale mbele. Watu wakasema mjane amezidiwa. Mkubwa akavua miwani, akasubiri kwa heshima nilie, kisha akaendelea kusoma.

Baadaye karani akaja kunipa pole. Akaniambia, "Shemeji, afadhali mimi nimesikia wasifu wangu ningali hai. Umejaa uongo."

Hayo ya kucheka nimeyacheka miaka yote hii. Yasiyochekesha ni haya: alipomaliza alinikabidhi ile karatasi. Nikaifungua usiku. Jina lilikuwa limepigwa taipu vilevile, na muhuri wa kampuni chini yake. Ulimi ukiteleza nasamehe, nani hatelezi. Lakini ile iliandikwa na mtu, ikasomwa na mwingine, ikagongwa muhuri na wa tatu, na hakuna aliyesimama kuuliza ni nani hasa aliyekufa. Msimamo wangu unaujua, nimewaimbia tangu mko shule: usisome wasifu wa mtu usiyemjua jina.

Najua utakavyonijibu. Utasema, Mama, Bob naye hakukujua jina. Kweli. Wateja mamilioni, angenijulia wapi? Na nisijifanye mjinga, mimi ni wakala, kamisheni yangu naihesabu mpaka senti, najua kampuni ile haikutupenda bure. Okoa Jahazi wanakukopesha salio na kumega asilimia 10 papo hapo. M-Shwari, mikopo ya simu iliyokuja 2012 Bob akiwa usukani, ni asilimia 7.5 kwa mwezi. Fuliza, ya kukukopesha pesa zinapokuishia kwenye M-Pesa, ilianza Januari ileile ya 2019, miezi sita kabla hajafa, na hapa dirishani nimeshaona mwanamume mzima akitumiwa pesa na mwanawe, zikamezwa na deni la Fuliza kabla hajazigusa, akabaki ameshika simu anaitikisa. Huyo mwanamume pia alimlilia Bob. Nilimwona.

Kwa hiyo usiniambie nilikuwa sijui ninayemlilia.

Upande wa pili nao upo. Kila ninapomtumia mtu pesa, ujumbe anaoupata unakuja na jina langu, herufi kubwa, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Na tangu walete ile Hakikisha, kabla hujamtumia mtu pesa unaonyeshwa jina lake kwanza, ukubali au ukatae. Utasema hiyo ni mashine, haina heshima kwa mtu, inaogopa tu hasara. Sawa. Lakini ofisi nzima ya watu wenye macho ilishindwa na jambo ambalo mashine inalifanya kwa kila mtu anayetuma shilingi mia.

Hata hivyo si mashine niliyoililia. Nimelifikiria sana tangu ujumbe wako, na nitakwambia jambo ambalo kaka yako hakuliona aliponikuta. Niliona wivu. Nilimtazama Wambui amekaa pale mbele, Rais Uhuru anasimama anamtaja mumewe, marafiki wanasimama wanamtaja, wanacheka, wanasimulia vituko vyake, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Bob, Bob, Bob. Nikalia machozi ambayo mwaka 2004 yalinipita kwa sababu nilikuwa nacheka.

Sasa huo ni unafiki? Nimelia kwenye msiba wa mtu, na msiba ninaoulilia ni mwingine. Wakati mwingine najiambia ndivyo matanga yote yalivyo, hakuna anayeliliwa peke yake. Halafu najikatalia: hapana, kuna wanaokuja kuonekana, na hao ni wengi, na wengi wao wana kipaza sauti. Wiki ile ya Bob niliwaona pia. Wanasiasa ambao hawajawahi kusema ukweli hata kuhusu umri wao walisimama kumsifu kwa uwazi wake. Yeye angewacheka, nadhani. Au angewauliza wamelipa bili zao za simu.

Kuhusu huyo kijana wenu siwezi kukuhukumia. Hukumu ninayo, imenikaa hapa kooni, lakini wewe ni mtu mzima na mimi nilishaahidi kutoingilia mambo ya kazi yako. Nitasema hili tu, na si hukumu: tisheti ningevaa, maana picha haidanganyi, alikuwa na uso huo na mlikuwa mkiuona. Maneno ya mtandaoni ya kuamrishwa nisingeandika hata neno. Ningeandika jina lake na tarehe, basi, na anayetaka kunifukuza anifukuze. Wewe una kodi ya nyumba, mimi sina, kwa hiyo fanya unavyoona.

Ila kuna mambo hukuniambia na ndiyo ninayoyataka. Ana mama? Ameacha mke? Ule wasifu wa Jumamosi unaandikwa na nani, nyumbani kwao au ofisini? Kama ni ofisini, nenda kauombe kabla haujachapwa. Usione haya, sema unasahihisha lugha. Angalia jina la kwanza, la pili na la ukoo, angalia kijiji chao kimeandikwaje, angalia kama wazazi wametajwa. Kisha mpigie mtu wa kwao umsomee.

Nipigie Jumamosi jioni unieleze, lakini baada ya saa mbili. Kabla ya hapo kuna foleni ya watu wa mwisho wa mwezi na sitakusikia.

Mama yako,
Voi