Kompyuta ya gemu kwa bajeti finyu: pesa iende kwenye kadi, macho yaende kwenye maandishi madogo

Kabla hujauliza bei ya kadi yoyote ya grafiki (kifaa kinachochora picha za gemu), amua mambo mawili: skrini utakayotumia na gemu utakazocheza. Skrini ya 2560 × 1440 inaizidi ile ya 1920 × 1080 kwa takribani asilimia 78 ya pikseli, na kila pikseli ya ziada ni kazi ya kadi ya grafiki. Kwa bajeti finyu, baki kwenye 1080. Kisha tazama gemu zenyewe. Valorant na Counter-Strike 2 huibana zaidi prosesa (ubongo wa kompyuta), hasa ukitaka fremu, yaani picha, 144 kwa sekunde na kuendelea. Cyberpunk 2077 huibana kadi. Anayecheza za aina ya kwanza peke yake anaweza kupunguza kwenye kadi na kuongeza kwenye prosesa. Wengine wote watenge asilimia 40 hadi 50 ya bajeti, ukiacha skrini, kwa ajili ya kadi ya grafiki, na vifaa vingine vigawane kinachobaki.

Kwenye kadi, kumbukumbu ya GB 8 ndiyo iwe mwanzo wako. GB 4 haitoshi tena kwa gemu kubwa mpya, hata ukishusha ubora wa picha. Radeon RX 6600 yenye GB 8 na GeForce RTX 3060 yenye GB 12 ni kadi zinazostahili kutafutwa, mpya au zilizotumika. Arc A750 ya Intel nayo ina nguvu nzuri, ila hakikisha ubao mama wako (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) una Resizable BAR, inayoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, na umeiwasha ndani ya BIOS, programu ya msingi ya ubao huo. Bila hiyo, Arc hupoteza sehemu kubwa ya kasi yake.

Hapa ndipo maandishi madogo yanapoanza kukugharimu, maana jina moja linaweza kubeba kadi mbili tofauti. GTX 1060 ya GB 3 haikupunguziwa kumbukumbu tu, hata viini vyake (vitengo vinavyofanya hesabu) ni 1152 badala ya 1280. RTX 3050 ya GB 6 ina viini 2304, ya GB 8 ina 2560. Kadi inayouzwa kama RX 580 2048SP ina idadi ya viini vya RX 570. GT 1030 yenye kumbukumbu ya DDR4 ni dhaifu mno kuliko GT 1030 ya GDDR5, ingawa kwa gemu kubwa zote mbili ziache. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishiwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kabla ya kulipa: kadi nyingi za namna hiyo huoneshwa wazi kuwa feki. Kadi iliyotumika ipe mzigo kwa dakika 20 au 30 ukifuatilia joto na mlio wa feni. Kasoro nyingi hazijitokezi dakika za mwanzo.

Mtego mwingine ni njia za PCIe, zinazobeba data kati ya kadi na ubao mama. RX 6500 XT ina njia 4 tu. Kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa, kadi huazima RAM ya kompyuta kupitia njia hizohizo, na hapo ndipo gemu huanza kukwama-kwama. Ukiiweka kwenye mfumo wa PCIe 3.0, kizazi kilichotangulia 4.0, upana huo unakatwa nusu. Prosesa za AMD, Ryzen 5 5500 na 5600G, zote ni za PCIe 3.0, hata zikikaa kwenye ubao mama wa B550. Kwa hiyo kadi ya bei nafuu pamoja na prosesa ya bei nafuu, kila moja ikionekana nzuri peke yake, zinaweza kuangushana.

Kwa prosesa, chaguo langu la kwanza kwa bajeti hii ni Ryzen 5 5600: viini 6, nyuzi 12 (kazi inazoweza kufanya kwa wakati mmoja), MB 32 za L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa), wati 65, na feni yake huja ndani ya boksi. 5500 inafanana nayo kwa jina lakini ina MB 16 za L3, na pengo hilo linaonekana kwenye gemu. Upande wa Intel, Core i5-12400F ni ya kiwango kilekile, na i3-12100F yenye viini 4 na nyuzi 8 bado inamfaa mwenye pesa kidogo zaidi. Herufi F inamaanisha prosesa haina grafiki zake, kwa hiyo bila kadi hutapata picha hata ya kuingia BIOS. Ryzen 5 5600 nayo ni hivyohivyo, ingawa haina F.

Ubao mama usikulie pesa nyingi. B550 inatosha kwa Ryzen hizi. B450 iliyokaa muda mrefu inaweza kuwa na BIOS isiyoijua 5600: feni zitazunguka, taa zitawaka, skrini itabaki nyeusi, nawe utadhani kuna kifaa kimeungua. Muulize muuzaji toleo la BIOS, au chagua ubao wenye kitufe cha BIOS Flashback, kinachosasisha kwa flashi bila kuhitaji prosesa kufanya kazi. Kwa Intel, angalia kama ubao ni wa DDR4 au DDR5, vizazi viwili vya RAM. Bao za B660 zipo za aina zote mbili na RAM za aina moja haziingii kwenye nyingine.

RAM nunua vipande viwili vya GB 8, DDR4 ya kasi ya 3200. Kipande kimoja cha GB 16 kinaiacha prosesa ikitumia chaneli moja, na fremu hupungua. Kwenye ubao wenye sloti nne, viweke ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha washa XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, kwenye BIOS. Usipowasha, RAM uliyolipia 3200 itakimbia 2133 au 2666.

Pawa saplai ndiyo sehemu ninayoomba usibane kabisa. Usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa; soma jedwali la ubavuni, mstari wa volti 12. Zidisha 12 kwa ampia: saplai yenye ampia 22 hapo inatoa wati 264 kwenye mstari unaolisha prosesa na kadi, hata kama boksi linasema 600. Nzuri ya wati 550 huwa na ampia kama 45. RX 6600 hutumia wati 132 na Ryzen 5 5600 hufika 76, hivyo 550 za kweli zinatosha na zinabakiza nafasi ya ile miruko ya matumizi ya umeme, ya sehemu ya sekunde, ambayo kadi hufanya. Alama ya 80 Plus hupima umeme unaopotea kama joto. Haikuthibitishii ubora wa vijenzi wala ulinzi wa shoti. Yenye swichi ya 115/230 ihakikishe kabla ya kuchomeka, kwani 115 kwenye umeme wa volti 230 huiunguza papo hapo. Na usichanganye nyaya za saplai mbili ambazo nyaya zake huchomolewa: plagi zinaweza kufanana huku mpangilio wa pini ukiwa tofauti, na SSD zikafa.

Diski, chukua NVMe (SSD ya kasi inayochomekwa kwenye ubao mama) ya GB 500 au TB 1. SATA SSD, ya waya na ya kasi ndogo zaidi, nayo inafaa, kwenye kufungua gemu nyingi tofauti ni ndogo. Kasha liwe na wavu mbele, feni ya kuingiza hewa mbele na ya kutoa nyuma. Pima urefu wa kadi kwanza.

Wengi huanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika. Inawezekana, ila nyingi za Dell na HP hutumia plagi zao za umeme, hivyo saplai ya kawaida haiingii. Humo weka kadi isiyohitaji waya wa umeme, mfano RTX 3050 ya GB 6 ya wati 70, ya kimo kifupi (low profile) ikiwa kasha ni jembamba. Chukua yenye Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa kuwa Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi haikubali za chini ya hapo.

Ukiwasha mara ya kwanza na picha haipo, angalia waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Kisha plagi ya pini 8 ya prosesa, iliyogawanyika 4+4. Ya kadi ni 6+2. Kisha chomoa RAM uirudishe mpaka ibonyee. Prosesa ikipita nyuzijoto 90 kwa kazi ndogo, huenda karatasi ya plastiki bado iko chini ya kipoza joto. Na ukiwa na skrini ya 144 Hz, ingia kwenye mipangilio ya Windows uichague mwenyewe, kwa sababu mara nyingi inabaki 60.