Unaelewa uthibitisho, unakwama kwenye maswali

Ndugu, umesema uko mwaka wa kwanza wa uzamili, unafuata kila uthibitisho wa nadharia ya namba ya kialjebra, ila ukipewa swali unabaki unakodoa macho. Nilipita hapo hapo. Nilikuwa sijawahi kuishika idiali (seti ya vigawe vyote vya namba fulani chache, pamoja na jumla zao) hata moja kwa mkono.

Weka kitabu pembeni siku chache. Chukua ringi (seti unayoweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha bila kutoka nje yake) ya namba za umbo a + b√−5, a na b zikiwa namba kamili. Humo 6 = 2 × 3, na pia 6 = (1 + √−5)(1 − √−5). Onyesha kwamba hakuna kati ya hizo nne inayogawanyika zaidi: normu (kipimo cha ukubwa; normu ya zao ni zao la normu) ni a² + 5b², nayo haiwezi kuwa 2 wala 3. Kisha hakiki mwenyewe kwamba idiali (2) ni mraba wa (2, 1 + √−5), yaani idiali inayotokana na 2 na 1 + √−5. Kikomo cha Minkowski (normu ya juu kabisa ya idiali unazolazimika kukagua) hapa ni karibu 2.85, kwa hiyo unakagua namba tasa 2 peke yake, na kundi la klasi, linaloonyesha idiali ziko mbali kiasi gani na kutokana na namba moja tu, linatoka na elementi 2.

Rudia kwa √−23. Kundi la klasi linatoka na elementi 3. Angalia mtego: ringi yake lazima iwe na (1 + √−23)/2. Mimi niliusahau, nikapoteza jioni nzima.

Nadharia ya Galois (ya ulinganifu wa mizizi ya milinganyo) ikikusumbua, irudie kabla ya kugusa nadharia ya fildi za klasi, somo la juu linaloiegemea. Na ukiona muhula unakatika bado umekwama, mpelekee msimamizi wako karatasi zenye makosa yako, usiende mikono mitupu.